Kitovu cha Alanus

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa moto kwa jirani nilipoelewa kwamba migomba iliyokuwa nyuma ya nyumba ya bibi haikuwa ya kuchezea. Nyumba hiyo ilikuwa Mfaranyaki, mtaa wa Songea, na bibi yangu, mama yake baba, aliitwa Agata Mapunda. Ndizi za migomba ile tulizila kama ndizi nyingine zozote. Lakini mtoto aliyethubutu kuchimba pale, hata kwa kijiti, alichapwa bila kuulizwa swali.

Chini ya migomba ile vilizikwa vitovu vyetu. Kitovu cha mtoto kilipokauka na kudondoka, kilifungwa katika kitambaa, kikazikwa alfajiri. Mahali penyewe palijulikana kwa bibi na mama wa mtoto, basi. Kisa chake ni kwamba mwenye chuki akipajua atakifukua, na mwenye kitovu atakuwa wake kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mtoto mwenyewe aliambiwa akishakuwa mtu mzima mwenye nyumba yake, siyo kabla. Bibi aliamini pia kwamba ardhi iliyopewa kitovu inamdai mwenyewe, naye hata akienda mbali itamrudisha.

Mmoja tu kati yetu hakuwa na kitu pale. Aliitwa Meinrad, binamu yangu, mkubwa kwangu kwa umri. Baba yake alikuwa kibarua wa barabara ya serikali upande wa Tunduru, na Meinrad alizaliwa huko, kitovu chake kikazikwa huko kwa Wayao, chini ya mkorosho. Mama yake alipofariki aliletwa kwa bibi akiwa bado ananyonya. Alikua kwetu, akabatizwa kwetu, na Kingoni chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Hata hivyo bibi, akimpakulia ugali, alizoea kumtazama kwa namna ambayo hakututazama sisi. Wakati ule niliona ni huruma. Siku hizi sina hakika.

Meinrad alikuwa beki wa timu ya shule yetu ya misheni. Tulicheza pekupeku, kwa mpira wa ngozi wenye kamba, na mguu wake wa kushoto ulijulikana hata na mapadre. Mwaka mmoja ikatangazwa kwamba vijana wa Tunduru wanakuja kucheza nasi. Jioni ya kuamkia mchezo tulikuwa jikoni, mimi, Meinrad, na Kanisius, mtoto wa jirani aliyekuwa na tabia ya kufika wakati wa chakula.

Bibi akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye chungu, "Meinrad, kesho usicheze."

"Kwa nini, bibi?"

"Wanaokuja ni wenye ardhi yako. Mguu wako hautawakatalia."

Meinrad akacheka. "Bibi, mguu huu nimekuja nao mwenyewe kutoka Tunduru. Haukubaki."

"Ulichokuja nacho nakiona," akasema bibi. "Mimi nasema kilichobaki."

Kanisius alikuwa na masikio na mdomo, na asubuhi shule nzima ilikuwa na habari.

Nakumbuka mchezo ule vizuri. Nakumbuka pia kwamba kila mpira ulipomkaribia Meinrad wenzake walipiga kelele: "Uache! Uache! Usiuguse!" Naye akawa anageuka kuwatazama, akiwa na uso wa mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Mara moja aligeuka hivyo, mpira wa mshambuliaji wa Tunduru ukampiga kwenye mguu uleule wa kushoto, ukaingia golini kwetu. Tukafungwa kwa bao hilo.

Hakuna aliyempiga. Ingekuwa nafuu. Walimkalia kimya, na kimya hicho kilidumu kanisani, mtoni na shambani. Kabla ya mvua za mwaka ule Meinrad alifunga nguo zake akaenda Tunduru. Hakurudi tena, hata bibi alipozikwa. Nami nilikua nikijua, kama nilivyojua sala zangu, kwamba bibi alisema na likawa.

Shule ilinifundisha mengine. Walimu wetu wa wakati wa Mwingereza walitutaka tutaje kitu kwa jina lake kamili na tutoe sababu ya kila jambo. Nikafundisha watoto wa watu kwa njia hiyohiyo mpaka nilipostaafu, na habari ya vitovu nikaiweka pamoja na hadithi za jikoni. Huko ingebaki, kama si mtoto wa dada yangu.

Dada yangu ni Odilia. Mumewe, Fidelis Haule, alikuwa fundi wa umeme wa serikali akapelekwa kufanya kazi Unguja, na huko ndiko walikomzaa mtoto wao wa pekee. Jina lake la ubatizo ni Alanus. Majirani wa kule walimwita Ali, kwa kuwa ndilo jina lililowaingia mdomoni. Fidelis alipofariki, Odilia alirudi Songea na mtoto ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, akakaa katika nyumba ya bibi, ileile yenye migomba.

Alanus alikua mchezaji wa aina ambayo mji wetu haukuwahi kuiona. Alianzia viwanja vya vumbi vya Lizaboni, akachukuliwa na timu ya mji, kisha akaitwa timu ya taifa. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, ambapo maduka yalijaa vitu vya nje na watu walianza kusema hadharani mambo waliyokuwa wakiyanong'ona. Moja ya mambo hayo lilikuwa Muungano. Ukikaa popote ulisikia: wa Bara nani, wa Visiwani nani, nani anamla nani. Tulikuwa nchi moja kwenye mambo yote makubwa, lakini kwenye mashindano ya mpira ya kanda yetu Bara ilikuwa na timu yake na Zanzibar ina yake, wimbo wa taifa ukiwa uleule. Sikujua kwamba mtu angeweza kuwa mgeni ndani ya nchi yake mwenyewe, mpaka Alanus alipopangwa kuichezea Bara dhidi ya Zanzibar, na mchezo wenyewe Unguja.

Kanisius, yule wa jikoni kwa bibi, wakati huo alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja Lizaboni. Mwenye duka alikuwa amenunua redio kaseti kubwa, na mchana ule tulijaa pale. Mchezo ulikuwa sare mpaka mwisho ulipokaribia, Bara wakapata penalti. Mtangazaji akasema kwamba anakwenda kupiga Alanus Haule, kijana wa Songea. Baraza zima likapiga makofi. Kisha tukasikia kelele za uwanja mzima wa watu wa Unguja wakishangilia, na hatukuhitaji kuambiwa. Mpira ulipita juu ya mwamba. Zanzibar wakaja wakafunga, mchezo ukaisha.

Kanisius akasimamisha cherehani. "Nilijua."

"Ulijua nini, mzee?" akauliza kijana mmoja.

"Mtoto huyu si kazaliwa kulekule? Kitovu chake kiko wapi?"

"Mzee Kanisius, hata Wazungu wanakosa penalti."

"Mzungu anakosa tu. Huyu kakosa kwa faida ya nani? Unakula ugali wa Songea, mguu unaupeleka kwenye karafuu!"

Watu wakacheka. Lakini kicheko kilipoisha, niliona wameshaanza kufikiri. Kanisius akanigeukia. "Mwalimu, wewe ulikuwepo. Waambie habari ya Meinrad."

"Meinrad alijifunga kwa bahati mbaya," nikasema.

"Mnamsikia! Na bibi yake alisema tangu jana yake."

Bibi kweli alisema. Na mimi mwenyewe, pamoja na shule yangu yote, nilirudi nyumbani kwa miguu nikijiuliza kama ile sauti ya uwanja ilimpa Alanus furaha hata kidogo.

Aliporudi mjini alikuja kunisalimu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Uliegemea nyuma ulipopiga."

"Najua. Nimeuona mguu wangu tangu ulipokuwa hewani." Akakaa. "Lakini hapa hakuna anayeniuliza nilipigaje, mjomba. Wananiuliza nilimpigia nani."

"Mama yako anasemaje?"

"Anasema ninyamaze. Ananitazama, analia, anasema ninyamaze." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kitu ambacho nadhani ndicho alichokijia. "Eti ni kweli ardhi inaweza kumwita mtu?"

Nilimwambia si kweli. Nilimwambia kwa maneno kamili, kama darasani. Alinitazama kwa makini, nikajua ananipima kama nami ni miongoni mwao.

Wazee wa timu ya mji wakataka aoshwe dawa ili mguu urudi. Odilia akawafukuza uani kwa mchi wa kinu, akasema mwanawe ana ubatizo, haoshwi tena. Hapo ikawa ushahidi: anayekataa kuoshwa ana anachokificha. Wenzake wakaacha kumpa pasi mazoezini. Mtu mmoja akamwambia, akicheka, "Salamu zao huko kwenu." Alanus aliijibu salamu hiyo kwa kuondoka: baada ya muda mfupi alichukua basi la Dar es Salaam, na kutoka Dar akavuka. Timu moja ya Unguja ilimpokea kwa mikono miwili. Tukasikia wanamwita Ali, mtoto wa nyumbani.

Siku chache baadaye nilikwenda kumtazama Odilia. Nilimkuta ameinama kwenye migomba anang'oa magugu, kazi ambayo angeweza kumpa mtu yeyote. Nikamwambia, kwa kumfariji, kwamba labda ni kweli mtoto amekwenda kwao.

Akasimama wima. "Kwao ni hapa, kaka."

"Nasema pale alipozaliwa."

"Kuzaliwa, kazaliwa kule. Lakini mimi nililelewa na bibi Agata. Kitovu kilipodondoka sikukizika kwa watu. Nilikifunga kwenye pindo la kanga, nikakaa nacho mpaka Fidelis alipofariki. Nikavuka nacho bahari. Nikapanda nacho mabasi mpaka hapa." Hakuonyesha mahali, wala hakuutazama mgomba wowote. "Kipo hapa pamoja na chako."

"Odilia! Mji mzima umemsema mtoto kwa kitovu, na wewe una jibu umekaa nalo?"

"Ningesema, wangekuja kuchimba."

"Nani angechimba?"

"Nitajie wewe mmoja ambaye asingechimba."

Nikafikiri. "Kanisius..."

"Huyo angekuja na jembe la kuazima," akasema.

"Na Alanus mwenyewe? Naye anajua?"

"Hajajenga bado."

Nilimwelewa, kwa kuwa mwenye kitovu haambiwi mpaka awe na nyumba yake. Nikamwambia mambo yamebadilika, amtafute amwambie leo.

"Nikimwambia sasa," akasema, "ataona namtungia uongo ili arudi." Akainama tena kwenye magugu yake.

Mwaka uliofuata Bara na Zanzibar walikutana tena. Nilikwenda barazani kwa Kanisius, sijui kwa nini, labda ili asinisemee nisipokuwepo. Mtangazaji akasema Ali Haule, wa Zanzibar, na baada ya kitambo akalisema jina hilo kwa kupiga mayowe. Alikuwa ametufunga, tena kwa mguu uleule.

Kanisius akapiga kofi juu ya cherehani. "Si nilisema! Kitovu hakidanganyi! Mwalimu, unabisha tena?"

Nilikuwa na jibu ambalo lingelinyamazisha baraza lote. Niliwatazama mmoja mmoja, watu ninaowajua kwa majina yao na ya baba zao, na nikajikuta kwa kila uso najiuliza kile alichoniuliza Odilia. Nikasema sibishi. Nikaaga.

Njiani nilimfikiria Meinrad. Kwa miaka mingi nilikuwa nimelikumbuka onyo la bibi na lile bao, kana kwamba kati yake hapakuwa na kitu. Sasa nikasikia tena zile kelele: uache, usiuguse. Mkorosho wa Tunduru haukupiga kelele. Ardhi ya Unguja nayo haikuwa na kitu cha Alanus hata cha ukubwa wa punje, kwa hiyo haikuwa na cha kumwitia. Kama kuna mtu aliyempeleka kule, anakaa Lizaboni na Mfaranyaki, na anajulikana kwa jina.

Kuhusu vitovu, sijui niseme nini. Nimeishi muda mrefu nikiwafundisha watoto kwamba ardhi haiiti mtu, na bado nadhani niliwafundisha sawa. Lakini Odilia amezeeka, na Alanus hajajenga, si huku wala kule. Mwaka huu mwenye kiwanja cha jirani alikuja kuniomba, kama mkubwa wa familia, tukate migomba ile apitishe njia ya gari. Nilimkatalia. Akaniuliza sababu, nami, kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma, sikutoa.