Nilimwambia Mjane Kuwa Darubini Yake Imegeuka

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kutafakari kwa kina, nautangazia umma kwamba mimi, Mhaya wa kuzaliwa na kulelewa kibanjani, katikati ya migomba, nimeacha kula ndizi. Si amri ya daktari. Zinanikwama kooni. Admin, ficha jina langu tafadhali, maana mjini hapa wananijua.

Nina miaka arobaini na moja, nina mke na watoto watatu, na nina duka dogo la vifaa vya umeme hapa Bilele, Bukoba mjini. Mambo ya nyota nimejifundisha mwenyewe kwenye simu. Hakuna aliyenituma. Wateja wananiita Profesa, na mimi sijawahi kuwakatalia.

Miezi michache iliyopita rafiki yangu wa Muleba alinipigia. "Kuna mjane huku Buganguzi anauza darubini ya marehemu mumewe. Njoo uitazame, wengine tunaona bomba tu." Nikafunga duka, nikaenda.

Mama yule ni mtu mzima, Mlutheri wa kwaya. Alinipokea kwa heshima zote, akaniwekea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama anavyopokelewa mgeni wa maana. Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia, na darubini aliachiwa na mgeni mmoja wa kanisa. Mama alinieleza wazi kwa nini anauza: kaburi la mzee, pale nyuma ya nyumba kwenye migomba, bado ni udongo mtupu na msalaba wa mti. Alitaka kulijengea na kuliwekea marumaru. "Mawifi wanasema nimemwacha mwenzangu kwenye tope, waitu. Na mvua za huku unazijua."

Nikaikagua. Niliwasha tochi ya simu nikamulika lenzi ya mbele kutokea nyuma. Hakuna ukungu, hakuna mkwaruzo, ni vumbi la kawaida ambalo mtu mwenye akili halifuti kwa kanga. Bomba halijabonyea. Kile kitasa cha kusogeza lenzi ya jicho kilizunguka laini kama kimepakwa samli. Miguu ilitikisika kidogo, lakini hiyo ni kazi ya bisibisi. Vitu vya namna hii havipatikani Kagera.

Nikaitoa uani, nikaielekeza kanisani, mlima wa pili. Msalaba ukaja mkali kabisa, kingo zimekatika safi, na uko kichwa chini.

"Umeona?" mama akauliza. Alikuwa amesimama mbali kama vile darubini inauma. "Siku ya msiba watu walikuwa wanahamisha viti, ikaanguka. Juzi nikasema niijaribu, nikakuta msalaba wa Bwana umepinduliwa! Niliifunika na kitenge siku hiyo hiyo. Marehemu asingekaa na kitu kama hicho. Au niambie wewe, tata, baba yangu, unayejua. Imeharibika?"

Ndugu zangu, darubini ya nyota ya lenzi huonyesha vitu kichwa chini tangu inapotoka kiwandani. Marehemu hakuwahi kulalamika kwa sababu nyota hazina kichwa wala miguu. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu.

Nikaufungua. Nikasema, "Pole sana, mama. Kioo kimegeuka humo ndani. Haitengenezeki."

Aliinamisha kichwa. Akashusha bei mwenyewe, akaishusha tena kabla sijasema neno, mpaka ikafika bei ya jiko la mkaa. Nilipokuwa naifunga kwenye pikipiki akaingia kibanjani na panga, akarudi na mkungu. "Siwezi kukuuzia kitu kibovu halafu nikuache uende mikono mitupu. Mungu ataniuliza."

Nilidhani yameishia hapo. Wiki iliyofuata ukaja mkungu mwingine kwa basi la Bukoba, na simu juu yake: "Mwanangu, bado iko kichwa chini?"

"Bado, mama," nikajibu. Hilo ndilo neno la kweli pekee nililowahi kumwambia.

Toka hapo kila wiki ni mkungu. Mke wangu alifurahi mwanzoni, sasa ameanza kuninyooshea mwiko. "Mtu akikuletea ndizi kila wiki, ama ni mkweo ama kuna jambo umemfanyia. Mimi mama yangu namjua. Huyu ni nani?" Nikasema ni mteja. Akacheka kicheko kile cha kukuachia kamba.

Juzi mama amepiga tena. Amepata fundi, kaburi litajengwa kwa tofali tu, marumaru ameyaacha. "Alikuwa mwalimu, hakuwa mtu wa makuu." Jumamosi mchungaji anakuja kuombea, na mama anataka nisimame mbele ya ukoo niseme neno moja kuhusu mzee na nyota zake, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwonea huruma nikachukua mali yake mbovu. Mawifi watakuwepo.

Nikimwambia ukweli faraghani, atajua nilimtazama usoni nikadanganya juu ya msalaba. Nikimpelekea marumaru kimya kimya, ataniongezea mikungu. Nikiirudisha darubini, nitasema imepona vipi? Nisipokwenda, atadhani naumwa na atakuja Bilele kunijulia hali, na mke wangu ndiye atakayemfungulia mlango.

Nitukaneni kwanza, ni haki yenu, halafu mniambie Jumamosi nisimame niseme nini.

Na wanaotaka kuniuliza nimeona nini huko juu: tangu niilete, mawingu hayajafunguka. Sijaona hata nyota moja.