Boti ya Chuma Niliyoinyima Waya wa Ethi

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: samaki, dizeli na rangi mbichi ya chuma. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na stashahada yangu ya umeme, niliyoisomea kwa kubeba zege mchana na kuingia darasani jioni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo karakana yangu pale Kambarage ina mafundi saba, na ukiuliza mjini Shinyanga fundi umeme ni nani, utaelekezwa kwangu kabla hujamaliza swali. Nakutajia haya ujue kuwa kosa hili hakulifanya mbumbumbu.

Tajiri mmoja wa samaki alinipa boti yake ya chuma, ziwani upande wa Geita, niifungie taa, soketi na friza. Ikiegeshwa, ingevuta umeme wa kambi ya samaki kwa kebo ndefu. Nilimaliza kwa siku mbili. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaoupa umeme uliovuja njia salama ya kurudi, sikuuunga na chuma cha boti. Nilijiambia kuwa boti imekaa majini, ethi gani tena itafutwe? Nikajiona mjanja. Nyaya zenyewe zilikuwa zilezile ngumu za majumbani, na nilizipitisha kwenye matundu ya chuma bila kuweka mpira.

Siku chache baadaye Mama Kabula, mama mtu mzima aliyekuwa akipakua samaki, akanilalamikia kuwa boti inamtetemesha mikono. Yeye na wenzake huingia majini hadi magotini, peku, wakapokea matenga ubavuni mwa boti. Nikapanda, nikashika ukingo kwa viganja viwili. Sikuhisi kitu. Nikamwambia labda ni uzee. Wenzake wakacheka, mmoja akasema fundi wa Dar hata shoti inamwogopa.

Mama Kabula hakucheka. Alitazama buti zangu za soli nene ya mpira.

"Baba, wewe hunishindi kusoma, unanishinda viatu. Vivue, uingie hapa nilipo, uishike."

Nikashuka ufukweni, nikainama. Kamba ya kwanza nikaifungua. Ya pili, mwanangu, mkono ukagoma. Mdomo wangu ulikuwa umebisha, lakini vidole vilijua.

"Umeona?" akasema taratibu. "Na anayenipokea zamu ni Kabula wangu, mjamzito wa miezi saba."

"Mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma, "tokeni majini nyote. Msiiguse."

Nikakimbia kambini nikachomoa kebo. Kosa nililipata upesi: mtikisiko wa injini ulikuwa umesugua waya kwenye ukingo wa tundu, shaba ikagusa chuma. Umeme ukaenea boti nzima, na kwa kuwa sikuupa njia ya kurudi, sakiti breka, ile swichi ya kujizima yenyewe, haikukata. Maji niliyoyategemea hayakutosha. Njia iliyobaki ilikuwa miili ya wale kina mama.

Nilirudia kazi yote upya. Mama Kabula akakaa juu ya kreti akinitazama, akanimegea matobolwa yake, vile viazi vitamu vikavu, akaniuliza kama huko chuoni walinifundisha kuvaa buti tu. Nilicheka, nikaendelea kubana waya wa ethi.

Sasa na wewe umepata kazi ya boti. Kebo ya kutoka nchi kavu ije na waya wake wa ethi, na waya huo uubane kwenye chuma cha boti mpaka usicheze. Weka kifaa cha kukata umeme unapovuja. Tumia nyaya laini za nyuzi nyingi, maana boti haitulii, na kila tundu ulivishe mpira. Pima kwa kipimo, kamwe si kwa kiganja. Na mtu wa peku akikwambia chuma kinamtetemesha, zima kwanza. Ubishi wa kisomo utaufanya baadaye, kama bado utautaka.

Mungu akupe mikono mitulivu na masikio yasiyo na kiburi. Na kila atakayeshika boti uliyoifunga wewe, apakue, anawe, arudi kwa wanawe, hata kama hatalijua jina lako.