Mashapo ya Boila

Mwaka wa tatu wa vita vya serikali na waasi walioitwa shifta, kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji machafu. Kambi ya askari ilikuwa kaskazini mwa Garissa, mbali na mto, na kisima chake kilitoa maji ya chumvi tupu. Niliajiriwa kwa sababu nilikuwa nimejifunza Kiswahili sokoni, na fundi mkuu, Mkristo kutoka bara, alihitaji mtu wa kumwelewa.

Maji waliyoogea askari, ya kufulia, ya kuoshea masufuria, na yale ya karakana yenye grisi na tindikali, yote yaliingia katika birika moja la saruji. Niliyachota, nikayamimina ndani ya boila, nikachochea kuni. Mvuke ulipita katika bomba la shaba lililozungushwa ndani ya pipa la maji baridi, ukatoka upande wa pili ukiwa maji safi, matamu, yasiyo hata na harufu ya sabuni. Siku ya kwanza nilipoyaonja nilisema "Subhanallah" kwa sauti. Yalikuwa ya betri na rejeta za malori. Yakizidi, maofisa walipikiwa chai.

Ng'ambo ya kambi, watu wetu walikuwa wamekusanywa ndani ya seng'enge. Walitoka asubuhi kuchunga, wakarudi kabla ya magharibi. Ngamia wao walikuwa wamechukuliwa. Eddo, dada ya marehemu baba, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, alikuwa humo na wajukuu wawili. Alibakiwa na mbuzi wanne, na maziwa yao ndiyo yaliyokuwa chakula cha watoto wale.

Mvuke ukiisha, chini ya boila hubaki mashapo: uji mweusi, mzito, wenye chumvi na kila uchafu uliokuwamo majini. Tulikuwa tukiyafukia shimoni ndani ya kambi. Shimo lilipojaa likaanza kunuka, ofisa akalalamika, na fundi akaniambia nikayamwage nje, korongoni.

"Fundi, mbuzi hupita pale. Wakinusa chumvi watalamba."

"Mbuzi gani, warya?" aliuliza, kwa neno walilotuitia sote wa kwetu. "Wa shifta?"

"Ni wa watu, Fundi."

"Ukiwaonea huruma, nenda ukakae nao kwenye seng'enge."

Nilikwenda kumwaga. Nalisema waziwazi, kwa sababu siku hizi kila mzee wa rika langu husimulia vita vile kana kwamba sote tulikuwa upande mmoja wa waya. Mwanzoni nilifunika kwa mchanga, vizuri kabisa. Baadaye nikawa nafunika juu juu. Kisha ikaja siku ya upepo mkali, nikamwaga, nikageuza toroli nikarudi bila kufunika.

Mbuzi watatu wa eddo walikufa wakiwa wamevimba matumbo. Wa nne alikauka maziwa, hakukamuliwa tena. Adhuhuri eddo alikuja hadi kwenye waya wa kambi, akasimama karibu na boila.

"Ni wewe uliyemwaga?"

"Niliamriwa, eddo."

"Sikukuuliza nani aliamuru."

Fundi alikuwa amekwenda kula. Nilijaza jerikeni maji safi nikaipenyeza chini ya waya, jambo ambalo wiki zote zile, aliponiomba kwa ajili ya watoto, nilikuwa nikiogopa kulifanya. Aliichukua. Ningepata nafuu kama angeimwaga miguuni pangu, lakini watoto walikuwa na kiu, naye akaichukua na kuondoka bila kunitazama.

Mjukuu mdogo alidhoofika kwa kukosa maziwa. Alifariki kabla ya mvua.

Vita vilipokwisha, fundi alihamishwa kurudi kwao. Aliniandikia barua nzuri: mwaminifu, mtiifu, hangoji kusukumwa. Kwa barua hiyo nilipata kazi kwenye mitambo ya maji mjini Garissa, nikaoa, nikajenga. Kila Idi nilikwenda kumsalimia eddo katika nyumba ya binti yake. Aliitikia salamu, kwa kuwa kuitikia ni wajibu, kisha akageukia mambo yake. Nilikaa mkekani mpaka chai ikapoa, nikaaga.

Alipofariki, nilikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Binti yake aliniletea maji ya kunawa, akaniambia, "Mama hakuwahi kutuambia ulimkosea nini."

Nami sikumwambia.