Mama Mwewe na Kuku wa Mdogo Wake

Saa nne asubuhi. Mama Mwewe anapanda ngazi ya mnara wa mbao ukingoni mwa ziwa, darubini shingoni, chupa ya chai kwapani, na hana haraka hata kidogo.

"Ndege hawa ni mabwana wakubwa," anasema akikaa kwenye kigoda. "Hawaamki mpaka jua lipashe hewa. Ukija alfajiri utahesabu mbu."

Kundi la mwewe na vipanga linazunguka juu ya matete, likipanda polepole. Hapo hahesabu. Anangoja waache kuzunguka na kunyoosha safari ya kusini, mmoja nyuma ya mwingine, ndipo kidole gumba kinaanza kubonyeza kifaa cha kuhesabia.

"Ukiwahesabu wakizunguka, mmoja utamhesabu mara tano, halafu uende kujisifu," anasema bila kushusha darubini.

Kinachoshangaza ni shingo yake. Kila mara anageuza kichwa kushoto, anageuza kulia, mithili ya kuku anayechungulia jikoni. Zamani hakuwa hivyo. Siku ya kwanza nilipomuuliza sababu, alisema tuongee kazi ikiisha.

Ni mjane wa miaka hamsini na miwili. Kazi hii anaifanya mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila vuli ndege wawindaji huikimbia baridi ya kaskazini, na kwa kuwa hawapendi kuvuka maji mapana, hubanana hapa ukingoni. Kituo cha utafiti humlipa posho kwa miezi mitatu ya msimu. Miezi mingine anafua nguo za watu. Siku hizi nusu ya posho inaishia kwenye dawa ya matone ya macho.

Vuli iliyopita hesabu yake ilianguka karibu nusu. Kituoni kukawaka moto. Wiki hiyohiyo mdogo wake wa kiume, tumbo moja, mfugaji wa kuku wa mayai upande wa pili wa ghuba, alimkuta kipanga amekufa kando ya uzio wake. Akamfunga kwenye gazeti na kumpeleka kituoni kwa mikono yake mwenyewe, akidhani anamsaidia dada yake.

Hakuna aliyempima yule ndege. Mkuu wa kituo alijumlisha tu: ndege wamepungua, na mfugaji gani anampenda kipanga? Basi ni sumu. Banda likafungwa kwa amri, kuku mia tatu wakauzwa kwa bei ya kutupa.

"Nikaulizwa, una uhakika na hesabu yako? Nikasema ninao," anasimulia. "Nilisema hivyo mdogo wangu amesimama palepale, ananiangalia usoni."

Miezi mitano baadaye alianza kujigonga kwenye miimo ya milango. Kliniki wakamwambia ana presha ya macho, imeshakula uwezo wa kuona pembeni, na kilichokwenda hakirudi. Mtu huwa hajui, kwa sababu katikati anaona vizuri tu.

"Daktari akaniambia nitazame mbele. Akanyanyua mkono kwa pembeni, akauliza, vidole vingapi? Nikamwambia, mkono gani?"

Anacheka kidogo, kisha anajifuta macho kwa upande wa kanga.

Tangu siku hiyo anageuza kichwa. Na vuli hii ndege wamekuwa walewale wa miaka yote. Angefurahi, kama si yaliyofuata. Kituoni walipiga makofi.

"Mkuu akasema, si mnaona? Tulifunga lile banda, ndege wamerudi! Nikashika meza."

Jamani! Hesabu mbovu ilimtia mtu hatiani, na hesabu nzuri ndiyo inamkandamiza zaidi. Na zote mbili zimetoka kwa dada yake.

Kusema ni kuipoteza kazi, maana nani atamweka mnarani mtu mwenye macho hayo? Analijua hilo vizuri. Wiki tatu alikaa kimya.

"Nilikuwa nafikiria tumbo langu," anasema. "Nimejionea aibu."

Alituomba sisi wa gazeti tusiandike neno mpaka amkabili mdogo wake kwanza. Jumapili tulimsindikiza. Mdogo wake sasa anapakia kokoto kwenye malori. Banda limebaki nguzo na waya, na manyoya machache yaliyonasa. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho bila kumkaribisha kiti.

"Kuku wameshaliwa, dada, hao basi," akasema. "Lakini wanangu shuleni wanaitwa watoto wa sumu. Hao ndio uwaambie. Mimi siku zote nilijua sikuweka kitu."

Binti yake mkubwa, wa darasa la sita, alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Shangazi," akauliza, "mbona siku ile hukumuuliza baba?"

Mama Mwewe akalia pale uani kama aliyefiwa. Mdogo wake akaingia ndani.

Jumamosi hii kituo kinafunga msimu kwa mkutano. Wafugaji wote wa kando ya ziwa wamealikwa, na mkuu atasoma matokeo. Mama Mwewe ameomba dakika tano za kuzungumza. Amedanganya kwamba anataka kutoa shukrani. Mdogo wake hajasema kama atakuja.

Na baada ya hapo ataishije?

"Nitafua. Doa bado naliona, mradi liwe mbele yangu." Safari hii hacheki. "Mpaka siku nalo litakapopotea."

Jua limeshuka, ndege wa mwisho wametua kwenye miti ya ng'ambo. Anafunga kifuniko cha darubini, anakaa nayo mapajani.

"Nitasimama nimwangalie mkuu, nimwambie: mwaka jana ndege walipita wote. Mimi ndiye sikuwaona. Mdogo wangu hakuua hata mmoja. Halafu nawawekea darubini yao mezani. Awe amekuja, awe hakuja, nitasema hivyohivyo."