Farasi wa Mkunga Mstaafu

Mkunga mstaafu wa mtaa wetu, hapa Ibadakuli, hupanda farasi wake kwa kukanyaga kichuguu, maana magoti yamechoka. Mkono mmoja hushika shingo ya mnyama, mwingine hubana kanga kiunoni, na hataki kusaidiwa. Tulisema ataacha; hakuacha. Kinachomtesa ni salamu. Akikutana na aliyemzidi umri hushuka, kisha humwongoza farasi kwa miguu mpaka kichuguu kingine, hata jua likiwaka. Mwezi uliopita mzee Ndaki alimhurumia: “Nisalimie huko huko juu, mwanangu.”

“Nikusalimie nimekaa juu yako? Siwezi, baba.” Akashuka akihema, akakunja goti. “Shikamoo.”

Tangu siku hiyo mzee Ndaki akiona vumbi la farasi huinuka kivulini, akajikongoja na fimbo yake mpaka kwenye kichuguu, akamsubiri hapo.