Ukaguzi wa Magoti

Humwita Mama Likizo, maana shule zikifungwa tu, watoto wa mtaa mzima huwa wake. Klabu yake ya kuwalea watoto wakati wa likizo sasa ina matawi, na atakaye kufungua tawi jipya, awe yeyote yule, lazima kwanza akikague chumba kwa kutambaa kama mtoto.

Juzi alikuja meneja mmoja wa hoteli, suti imenyooka kama rula.

"Mama, mimi nina uzoefu."

"Huo ni uzoefu wa kusimama, baba. Tambaa."

Akatambaa akiguna. Chini ya meza akakuta msumari umechomoza, usawa wa jicho lake. Kiburi kikamwisha. Alipoinua uso, Mama Likizo alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mama, kumbe ukiwa huko juu unatisha!"

Mama Likizo akapiga magoti, wakatazamana.

"Ndiyo maana magoti yangu yana sugu."