Fundi wa Cherehani Anayeshindana na Macho ya Mkewe

Rangi ya gari imeharibika, na macho ya Afaf hayangoji. Hiyo ndiyo shida ya Faraj Mahfudh asubuhi hii. Ana nyingine ndogo ndogo, lakini hizo si kitu.

Amechuchumaa katika banda la uani, nyuma ya nyumba yao pale Mji wa Kale unapopakana na Bondeni, kipande cha msasa mkononi. Mbele yake pana gari dogo la spoti, MG ya mwaka 1967, viti viwili, halina paa. Lina rangi nyekundu, lakini madigadi yake ya mbele yametoka malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Anasugua lengelenge moja, linapasuka. Chini yake pana kutu mbichi.

"Na hapa pia," anasema, kisha anahamia la pili.

Mkewe, Afaf, anamwita kutoka dirishani. "Baba Areej, limeamkaje?"

"Limeamka salama."

"Mwongo wewe. Nasikia msasa."

Faraj anasugua polepole zaidi, kana kwamba hilo litasaidia.

Ana umri wa miaka sitini na mmoja na si fundi wa magari. Tangu ujanani anatengeneza cherehani kwenye baraza ya duka la leso, Biashara Street. Siku njema hupata shilingi elfu moja na mia mbili. Siku mbaya hurudi nyumbani na harufu ya mafuta ya mashine tu, na siku mbaya zimezidi, maana cherehani za kisasa zikiharibika watu huzitupa wakanunua nyingine.

"Cherehani na injini ni ndugu," anasema. "Kitu chapanda, kitu chashuka, mafuta yakikosekana vinagombana. Injini hii ilinichukua mwaka na nusu, ikawaka. Nikajiona bingwa. Nikasahau kuwa cherehani haina bodi ya kupakwa rangi."

Gari lilikuwa la baba mkwe wake, marehemu Abdullah, muuza vitambaa. Jioni za Idi mzee huyo alimpakia bintiye mmoja tu, Afaf, akampeleka Mama Ngina, ufukweni, kupunga upepo, na wavulana wakabaki nyumbani wamenuna. Alipofariki, gari liliwekwa kwenye uwanja wa jamaa huko Mbaraki, likielekea bandarini, na upepo wa chumvi ukalila kwa miaka zaidi ya thelathini. Kuku walitagia kwenye viti.

Miaka minne iliyopita kaka zake Afaf waliamua kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lori lilikuwa limeshafika. Afaf akamgeukia mumewe mbele ya watu wote akasema analitaka.

"Nilioana naye nikiwa kijana, na sikuwahi kumsikia akisema nataka," anasema Faraj. "Yeye husema ikiwezekana. Siku ile alisema nataka, na lori likarudi tupu."

Wakati huo ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshalizima jicho la kushoto la Afaf. Daktari alisema la kulia nalo litafuata, polepole au ghafla, hakuna ajuaye. Afaf alipotoka hospitali alimwambia mumewe jambo moja. Anataka kuliona gari la baba likiwa jekundu kama zamani. Hataki kuambiwa. Anataka kuliona.

Faraj akaanza kazi. Jumapili ilikuwa ya gari. Jumamosi baada ya adhuhuri ilikuwa ya gari. Kabureta na breki zilipobidi kuagizwa ng'ambo, Afaf alivua bangili mbili za dhahabu alizoolewa nazo, akaziweka juu ya meza karibu na sahani ya mumewe ili ziuzwe.

Bodi aliipeleka kwa Chirau, fundi wa bodi na rangi huko Mbaraki, mtu mwenye mikono mipana na ulimi mpana zaidi. Chirau alikata kutu, akaunga mabati mapya, akanyoosha. Kazi ya kupaka rangi Faraj alitaka kuifanya mwenyewe, nyumbani.

"Nilimwambia, mzee, paka, lakini osha bodi kwa maji safi baada ya msasa," anasema Chirau. "Akaniambia, mimi nina kisima. Alivyosema kisima ungedhani ni Zamzam."

Katika ua wa nyumba ile pana kisima cha bibi yake Faraj, Bi Mejumaa. Mtaa mzima ulikijua. Visima vingi vya mji vilikuwa na maji ya magadi, lakini cha Bi Mejumaa kilikuwa kitamu. Arusi zikipikwa, sufuria zilijazwa hapo. Ramadhani, watoto walitumwa na magudulia kuchota maji ya kufuturia. Faraj alikua akijivunia maji yale kama wengine wanavyojivunia ukoo.

Lakini maji ya bomba yalipoingia, watu wa nyumbani waliacha kuyanywa ya kisima. Bomba lilipoanza kukauka, walinunua ya madumu kutoka kwa mikokoteni, na madumu hayo Faraj aliyaweka kwa ajili ya Afaf. Gari aliliosha kwa maji ya kisima. Aliliosha vizuri, mara tatu, kwa mapenzi. Hakuwa ameyaonja tangu bibi yake azikwe.

Mwishoni mwa Shaabani alipaka rangi. Ilitoka nyekundu ya mbegu ya komamanga, ikang'aa hata akaona masharubu yake ndani yake. Afaf alisikia harufu akatoka mpaka mlango wa banda, ameshika ukuta.

"Nione basi," akasema.

Faraj akatandaza turubai upesi. Vioo vilikuwa havijafungwa, viti havijarudi kwa fundi wa ngozi.

"Bibi arusi hatazamwi kabla ya kupambwa, Mama Areej. Utaliona siku ya Idi, likiwa limetimia."

Afaf akacheka. "Na bibi arusi akizeeka kabla ya siku yake?"

"Idi ni mwezi mmoja tu."

Akarudi ndani. Gari likakaa chini ya turubai Ramadhani nzima, vioo na viti vikirudishwa kwa kufunua katikati tu, na jirani walioomba kuchungulia walikataliwa.

Asubuhi ya Idi, baada ya sala, Afaf alivaa nguo mpya akapaka wanja. Faraj alitangulia bandani ili alipanguse kwanza. Alipofunua turubai alikuta malengelenge kutoka taa hadi taa. Akalifunika tena. Akatoka na kumwambia mkewe kwamba si leo.

"Alisema, nionyeshe hivyo hivyo," anakumbuka Faraj, macho yake yako kwenye msasa. "Nikasema haifai, mama, siwezi kukuonyesha kitu kibovu siku ya Idi. Akaenda kuvua zile nguo."

Siku ya pili yake Chirau alikuja. Alipasua lengelenge kwa ukucha, akatazama, kisha akaenda kisimani. Akateka, akachovya kidole, akalamba.

"Onja," akamwambia Faraj.

"Maji haya yalipikiwa biriani za arusi."

"Biriani ya leo haitataka chumvi, mzee. Bahari imeshaingia humu, wewe wasifu kaburi."

Faraj akaonja. Anasema hakutema, alimeza, kisha akafunika kisima kwa bati. Chirau akamweleza kwamba chumvi iliyokaushwa chini ya rangi huvuta unyevu, na turubai lililozuia joto na mvuke limeumaliza mchezo. Hakuna kiraka. Lazima ikwanguliwe yote, mpaka bati, ianzwe upya.

Ndiyo kazi anayoifanya leo, wiki ya tatu tangu Idi. Amemaliza boneti tu; amebakiza madigadi, milango na nyuma. Maji ya kuoshea ni ya madumu sasa, shilingi hamsini dumu. Turubai halipo. Mara hii Afaf ataona kila hatua, mbovu na nzuri, ndivyo walivyokubaliana. Jana Faraj alimshika mkono akamleta mpaka karibu na gari, akainama, akatafuta kwa jicho lake la kulia.

"Naona wingu," Afaf alisema. "Lakini wingu lina wekundu kidogo, upande huu."

"Upande huo sijakwangua," Faraj akamjibu.

Huo ndio wekundu aliouona.

Siku kumi baada ya asubuhi hiyo ya msasa, Afaf aliamka akamuuliza mumewe kwa nini hajafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limeshafika kitandani. Faraj anasema alilifunga, kisha akalifungua tena kwa kishindo ili alisikie, halafu akaona aibu ya alichofanya, akakaa kando yake akamwambia kweli.

Gari siku ile lilikuwa la kijivu, rangi ya msingi tu, linangoja nyekundu.

Alitaka kuliacha hivyo. Ni Afaf aliyemkataza. "Mimi nilitaka gari jekundu," alimwambia. "Sikusema nataka la kijivu kwa sababu sioni. Kapake."

Akapaka. Wiki tatu baadaye gari liko uani, limetimia, vioo na viti mahali pake, hakuna lengelenge hata moja. Afaf amekaa kiti cha abiria, mtandio umefungwa kidevuni, anapitisha kiganja kwenye mlango.

"Ni wekundu ule wa komamanga?" anauliza.

"Ni ule ule."

"Usinidanganye kunifurahisha."

"Muulize Chirau."

Chirau, ambaye amekuja kusikiliza injini na kunywa chai, anaweka kikombe chini. "Mama, ni jekundu mpaka laniumiza macho," anasema, halafu anatahayari, anakishika kikombe tena. Afaf ndiye anayecheka kwanza.

Mpango wa Faraj ni mfupi. Gari likipita ukaguzi wiki ijayo, atampeleka mkewe Mama Ngina siku ya Idi ya pili, ile ya kuchinja, jioni, polepole, njia ileile ya baba yake Afaf. Binti yao, Areej, atashuka kutoka Malindi awatangulie kwa miguu awapige picha. Afaf amesema picha zipigwe nyingi, japo hakueleza ni za kutazamwa na nani.

Kulifikisha gari hapo kumegharimu Jumapili za miaka minne. Kumegharimu bangili mbili na rangi mara mbili. Kumegharimu pia Ramadhani moja, tangu mwezi ulipoandama hadi Idi, ambapo gari lilikuwa jekundu upande wa pili wa ukuta wa chumba cha Afaf, na yeye alikuwa bado anaona, na mumewe alilifunika.